Kufika Hospitalini Si Kuokoka

Mwalimu yeyote aliyewahi kuita majina ya rejista katika shule za Gesima amekutana na Nyanchera. Katika lugha ya Ekegusii njia huitwa enchera, na msichana mwenye jina hilo, kama si yeye mwenyewe basi ni bibi aliyemrithi, alizaliwa njiani. Kwamboka naye hutukumbusha kuvuka mto. Majina haya ni makongwe kuliko hospitali zote za Kisii na Nyamira. Yanatuonyesha kwamba mwanamke wa vilima hivi, tangu jadi, aliweza kushikwa na uchungu akitoka sokoni au mtoni, akajifungua chini ya mti kwa msaada wa wapita njia, na jamii isione haya wala ajabu, ikalitia tukio lenyewe katika jina la mtoto ili lisisahaulike.

Mtoto ninayetaka kumzungumzia leo hakuzaliwa njiani. Alizaliwa hospitalini, mbele ya daktari na wauguzi, mahali ambapo sisi walimu tumekuwa tukiwahimiza wanawake wote waende. Naomba msomaji anivumilie nikisimulia kisa cha nyumbani kwetu kabla sijaingia katika hoja, kwa kuwa hoja yenyewe nimeitoa humo.

Ilikuwa Novemba 1997, wakati mvua za El Niño zilipokuwa zikizoa madaraja na kuzigeuza barabara zetu kuwa matope matupu. Dada yangu mdogo alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mumewe alikuwa kazini Nairobi. Uchungu ulimshika Alhamisi jioni. Mama mkwe wake, mwanamke mwema aliyezaa watoto tisa bila kumwona daktari, alimwambia atulie, kwamba mimba ya kwanza huchelewa. Usiku ukapita. Ijumaa asubuhi tulimtembeza polepole hadi zahanati, tukamkuta muuguzi mmoja aliyempapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vyema, tungoje. Saa tisa alasiri ndipo alipotamka kwamba mambo hayaendi, na kwamba twende hospitali kubwa. Alisema twende, hakusema kwa gari gani.

Tulipata lori lililokuwa likikusanya majani chai. Dereva, Mungu ambariki, aliwashusha vibarua wake wawili ili dada yangu apate kulala juu ya magunia. Lori lilikwama mara mbili. Tulipoifikia barabara ya lami pale Keroka giza lilikuwa limeingia, na hospitalini tuliwasili saa tatu usiku. Hospitali yenyewe sitaitaja, kwa sababu nyingi za wakati ule zilikuwa vivyo hivyo, na kwa sababu baadhi ya waliokuwa zamu usiku huo huenda wangali hai na hawana hapa pa kujitetea.

Tuliulizwa kadi ya kliniki, kisha tukapewa orodha: glavu jozi mbili, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, chupa ya dawa ya kuua viini. Enzi hizo serikali ilikuwa imetuingiza katika mpango wa kuchangia gharama, na mgonjwa alitarajiwa kuja na vifaa vyake kama fundi aendaye kibaruani. Nilimwacha dada kwenye benchi nikaenda kubisha milango ya maduka yaliyokwisha fungwa. Niliporudi, ilikuwa saa nne kasorobo. Saa nne kamili alipimwa, mlango wa uzazi ukaonekana umefunguka sentimita sita. Muuguzi akamwambia, "Bado, mama. Lala."

Yaliyofuata niliyajua baadaye, kwa kuwa wanaume hatukuruhusiwa kupita mlango ule. Muuguzi alikuwa mmoja, na wodi ilikuwa na wanawake zaidi ya ishirini, wengine wawili wawili kitandani. Dada yangu alilia. Sasa, msomaji asiyekuwa Mgusii ajue kwamba katika lugha yetu "baba" ni mama. Mzazi wa kiume tunamwita "tata". Mtoto wa kwetu akijikwaa hulia "baba!", na mwanamke mzima akizidiwa na uchungu hulia vivyo hivyo. Muuguzi yule, ambaye hakuwa mwenyeji, alimjibu: "Unamwitia nini baba yako humu? Baba yako ndiye aliyekupa mimba?" Wengine wakacheka. Dada yangu alinyamaza. Hakumwita tena mtu yeyote, hata alipoona kwamba uchungu umebadilika na tumbo limekuwa gumu kama jiwe.

Alipimwa tena saa mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, zamu mpya ilipoingia. Hapo ndipo mbio zilipoanza. Daktari aliitwa, akaja. Mtaalamu wa dawa ya usingizi akatafutwa, akachelewa kupatikana. Upasuaji ulifanyika saa sita mchana. Mvulana alitolewa, kilo tatu na nusu, viungo vyote kamili, ila hakulia. Walimsugua, walimpulizia hewa, na baada ya muda ambao hakuna aliyeuhesabu akatoa sauti ndogo kama ya paka. Tuliambiwa tushukuru. Tulishukuru.

Alipotimiza mwaka mmoja alikuwa bado hawezi kuishikilia shingo yake. Tulimpeleka kliniki, na tabibu mmoja kijana, mwenye bidii ya kutaka kujua, akaomba faili la mama litafutwe. Akatoa ndani yake karatasi kubwa yenye miraba miraba kama ya daftari la hesabu. Juu palikuwa na jina la dada yangu na tarehe. Katikati palikuwa na nukta moja ya wino: saa nne usiku, sentimita sita. Sehemu iliyobaki ya karatasi ilikuwa nyeupe.

Karatasi ile huitwa patografu, na kwa kuwa naandikia walimu na wanafunzi nitaomba ruhusa ya kuieleza, maana ni somo la grafu kabla halijawa somo la uzazi. Mnamo 1954 daktari Emanuel Friedman wa Marekani alichora kwa mara ya kwanza mwendo wa kufunguka kwa mlango wa uzazi, saa zikiwa chini na sentimita zikiwa kando. Mwaka 1972 Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walikigeuza kielelezo hicho kuwa chombo cha kazi. Shida yao ilikuwa ile ile yetu: wakunga wachache, daktari mmoja kwa eneo kubwa, vituo vidogo vilivyo mbali na chumba cha upasuaji. Walichora mistari miwili ya mshazari. Wa kwanza ni wa tahadhari, ukimfuata mama ambaye mlango wake wa uzazi unafunguka kwa sentimita moja kila saa. Wa pili umechorwa saa nne mbele, nao ni wa kuchukua hatua. Mkunga hupima kila baada ya saa nne na kutia alama. Mapigo ya moyo wa mtoto huyasikiliza kila nusu saa. Nukta ikivuka mstari wa kwanza, mama aliye katika zahanati apelekwe hospitali. Ikivuka wa pili, hapana tena kungoja. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya uliolegeza ile kanuni ya sentimita moja kwa saa, kwa kuwa wanawake hawafanani, lakini shabaha imebaki pale pale: mama asiachwe peke yake na saa.

Basi na tuihesabu karatasi ya dada yangu. Mwenye sentimita sita saa nne usiku alitarajiwa awe amefunguka kabisa saa nane usiku. Saa hiyo angepimwa, ingejulikana kwamba nukta imeuvuka mstari wa tahadhari, na daktari angeamshwa. Angepimwa tena saa kumi na mbili alfajiri. Moyo wa mtoto ungesikilizwa mara ishirini kati ya saa nne usiku na saa mbili asubuhi. Hakuna hata mara moja iliyoandikwa. Naye aliyepaswa kuandika hakuwa amelala. Alikuwa akiwazalisha wengine. Jambo hili nimelitafakari kwa miaka mingi, na hasira yangu juu ya yule muuguzi, ambayo ilikuwa kubwa, imegawanyika: sehemu moja imebaki kwake kwa sababu ya lile neno la "baba yako", na sehemu kubwa zaidi nimeihamishia kwa waliompa wanawake ishirini na kitu awatazame peke yake usiku kucha, kisha wakamwita mzembe.

Mpwa wangu ana kile ambacho kwa Kiswahili huitwa mtindio wa ubongo. Walimu wenzangu watakuwa wameshakutana na watoto wa namna hiyo, hasa wale wenye athari ndogo, ambao huja darasani wakiburuta mguu mmoja, au ambao kalamu huwaponyoka, au ambao hueleweka kwa shida wanaposoma kwa sauti na wenzao wakawacheka. Si kila mmoja wao aliumia wakati wa kuzaliwa. Wengine waliathirika wangali tumboni, wengine kwa umanjano mkali wa siku za kwanza, wengine kwa malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Lakini wapo ambao ubongo wao ulikosa hewa katika saa zile za mwisho za uchungu, mama akiwa tayari ndani ya jengo la serikali. Sisi huwapokea baada ya miaka sita au saba na kuwaandikia katika ripoti kwamba wajitahidi zaidi.

Wataalamu wana namna yao ya kulieleza jambo hili. Mwaka 1994 Thaddeus na Maine waliandika kwamba mama anayekufa kwa uzazi huwa amecheleweshwa mara tatu: anachelewa kuamua kutoka nyumbani, anachelewa njiani, na anachelewa kuhudumiwa akishafika. Dada yangu alizionja zote tatu. Mama mkwe alikuwa wa kwanza, matope yalikuwa ya pili. Lakini ukizipima, ucheleweshaji wa tatu ulichukua saa kumi na tano, tangu saa tatu usiku hadi saa sita mchana, naye alikuwa ameshafika tunakotaka wanawake wote wafike.

Hapa ndipo ninapotaka kuushika mkono wa msomaji. Kwa muda mrefu kampeni zetu zote zilipigana na ucheleweshaji wa kwanza na wa pili. Tuliwalaumu wakwe, tukawalaumu wakunga wa jadi, tukailaumu mila. Na kampeni hizo zimefaulu, hilo lisikanwe. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2008 na 2009, watoto 43 tu kati ya kila 100 nchini Kenya walikuwa wakizaliwa katika vituo vya afya. Katika ule wa 2014 walikuwa 61. Katika ule wa 2022 walikuwa 82. Katika muda usiozidi miaka kumi na mitano tumewahamisha wanawake kutoka jikoni hadi wodini, jambo ambalo nchi nyingine zilichukua vizazi kulifanya.

Ungetarajia basi kwamba vifo vingeporomoka kwa kasi hiyo hiyo. Havikuporomoka. Uchunguzi wa 2014 ulikadiria vifo 362 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Hesabu ya watu ya 2019 ilitoa 355. Sisemi kwamba tarakimu hizi zilipatikana kwa njia moja, na mwalimu wa hisabati atanikumbusha kwamba makadirio ya vifo huwa na upana wake. Hata hivyo, anayeitazama safu ya kwanza ikipanda na ya pili ikisimama hana budi kujiuliza hao wanawake walipofika walikuta nini.

Jibu lilitolewa na Wizara ya Afya yenyewe. Mnamo 2018 ilitolewa ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa siri wa vifo vya uzazi, ambapo wataalamu walisoma mafaili ya akina mama 484 waliofariki hospitalini mwaka 2014. Waliona kwamba takribani tisa katika kila kumi walipata huduma yenye kasoro, na kwamba kama ingekuwa vinginevyo huenda mambo yangegeuka. Kutokwa na damu kuliongoza orodha ya sababu. Msomaji asome tena sentensi hiyo polepole. Hao wote walitii. Walitoka nyumbani, wakapanda gari au pikipiki, wakalazwa.

Kisa kilichojulikana zaidi ni cha Bungoma. Tarehe 1 Juni 2013, siku ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure. Lilikuwa tangazo jema, nami nililishangilia, kwa kuwa sikuwa nimeisahau ile orodha ya glavu na wembe. Miezi miwili baadaye, Agosti, mwanamke mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma ya Bungoma kwa sababu vitanda vilijaa. Alizirai. Alipozinduka, wauguzi walikuwa wakimzaba makofi na kumkaripia kwa kuichafua sakafu. Kulikuwa na mtu aliyerekodi tukio hilo, na nchi nzima ikaliona. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zilikiukwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi. Kabla ya hapo, Septemba 2015, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikuwa imelaani kuzuiliwa kwa wanawake wawili katika hospitali ya Pumwani kwa kushindwa kulipa gharama za kujifungua. Na jirani zetu wa Uganda hawakubaki nyuma: Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja katiba, baada ya kesi iliyoanza 2011 kufuatia vifo vya wanawake wawili, mmoja Mityana na mwingine Arua.

Wapo watakaosoma habari ya Bungoma na kusema kwamba wauguzi ni wakatili. Wengine hakika ni wakatili. Lugha ya leba tunaijua, na wanawake wetu huinukuu baina yao kama watu wanukuuvyo methali. Lakini ukifungua milango ya hospitali kwa kauli ya jukwaani, bila kuongeza kitanda wala muuguzi, umewaita watu karamuni ukiwa na sufuria moja. Mwenye mwiko ndiye atakayetukanwa. Huduma za afya zilikabidhiwa serikali za kaunti mwaka huo huo wa 2013, na tangu hapo muuguzi wa Nyamira au Kisii amekuwa na mwajiri aliye karibu lakini mshahara usiotabirika. Wauguzi waligoma tangu Juni hadi Novemba 2017. Madaktari walikuwa wamegoma kabla yao kwa siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakagoma tena kwa siku 56 mwaka 2024. Mimba haigomi. Waliojifungua katika miezi hiyo walirudi kwa wakunga wa jadi ambao tulikuwa tumewafundisha kuwadharau.

Naomba nigeuke kidogo upande huo, kwa sababu dharau hiyo imetugharimu. Mwaka 1879, Mwingereza aitwaye Robert Felkin, aliyekuwa safarini Bunyoro, magharibi ya Uganda ya leo, alishuhudia waganga wa huko wakimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Aliyaandika aliyoyaona, na maandishi yake yakachapishwa Edinburgh mwaka 1884. Mganga alimnywesha mama pombe ya ndizi, akainawia mikono yake, akaliosha tumbo kwayo, akapasua, akamtoa mtoto, kisha akalifunga jeraha kwa sindano za chuma zilizozungushiwa nyuzi za gome la mti. Mama alipona na mtoto aliishi. Ulaya, wakati huo, upasuaji wa namna hiyo ulikuwa bado unawaua wengi. Simwambii mtu arudi kwa pombe ya ndizi. Ninachosema ni kwamba watu wale walijua mambo matatu ambayo dada yangu aliyakosa miaka 118 baadaye: kuna saa ya kuacha kungoja, vifaa viwepo tayari kabla ya saa hiyo, na mwenye kuujua ufundi awe karibu.

Mambo yanayookoa maisha ya mama si ya ajabu wala si ya bei kubwa. Chukua damu. Tangu zamani mkunga alikuwa akikadiria kwa macho ni kiasi gani kimemwagika, na macho hudanganya, hasa damu ikiwa imenywewa na shuka na magodoro. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliowahusisha wanawake zaidi ya 200,000. Chini ya mama paliwekwa nailoni yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Damu ikifika kwenye mstari, hakuna mjadala: tumbo linasuguliwa, dawa zinatolewa zote kwa pamoja, si moja kisha kungoja. Kutokwa na damu kwingi na madhara yake makubwa kulipungua kwa asilimia 60. Kwa kifafa cha mimba, magnesi salfeti imejulikana kwa hakika tangu utafiti mkubwa wa 2002 kwamba hupunguza hatari kwa zaidi ya nusu, nayo ni chumvi tu iliyo katika chupa ndogo. Patografu ni karatasi na kalamu.

Ninapowasikia wakubwa wa kaunti zetu wakijivunia jengo jipya la ghorofa au ambulensi zilizopangwa uwanjani ili zipigwe picha, huwa natamani mmoja wao asimame aseme: mwezi uliopita akina mama kadhaa walijifungua katika hospitali zetu, na patografu za wote zilijazwa hadi mwisho. Hotuba hiyo sijawahi kuisikia. Haina utepe wa kukata.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa kuwa mambo yangali yanabadilika. Mwaka 2016 ule mpango wa kujifungua bure uliwekwa chini ya bima ya kitaifa kwa jina la Linda Mama, na mama hakuhitaji kuchangia chochote ili asajiliwe. Oktoba 2024 bima hiyo ya zamani ilivunjwa, ikaingia Mamlaka ya Afya ya Jamii. Viwango vilivyotangazwa ni vizuri kuliko vya kwanza: hospitali hulipwa shilingi 10,000 kwa mama aliyejifungua kwa kawaida na 30,000 kwa aliyepasuliwa. Lakini sharti likawa kwamba familia iwe imelipa mchango wake, ambao kwa asiye na mshahara kiwango cha chini kiliwekwa shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mwalimu aliyeajiriwa hilo ni jambo la kukatwa mshahara na kusahau. Kwa mchuma majani chai wa Gesima anayelipwa kwa kilo, ni hesabu nyingine, na akiifanya akiwa na mimba ya miezi minane inaweza kumrudisha pale pale penye ucheleweshaji wa kwanza, ambao tulidhani tumekwisha kuushinda.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inataja afya ya uzazi kwa jina. Inasema pia kwamba asinyimwe mtu yeyote matibabu ya dharura. Wanafunzi wetu hukariri kifungu hicho kwa ajili ya mtihani. Napendekeza tuwafundishe namna ya kukitumia. Msichana wa kidato cha tatu anayeweza kusoma grafu ya mwendo na wakati anaweza kuisoma patografu kwa dakika kumi, na akienda na shangazi yake hospitalini anaweza kuuliza, kwa adabu, "Sista, amepimwa lini mara ya mwisho?" Nimelijaribu somo hilo darasani. Wavulana walicheka kwa dakika mbili tatu, kisha mmoja akauliza kama mama yake, aliyefariki akimzaa mdogo wake, alikuwa na karatasi kama hiyo. Sikuwa na jibu, na nadhani hakuna ofisi ambayo ingempa.

Tena ni haki ya wananchi kuambiwa. Kila mama anapofariki kwa uzazi hospitalini, kanuni huitaka hospitali ikae na kuchunguza sababu. Vikao hivyo hufanywa faraghani, na ni sawa viwe faragha ili wauguzi waseme ukweli bila kuogopa kufungwa. Lakini yaliyogunduliwa, bila majina, mbona yasisomwe katika bunge la kaunti, yakaandikwa magazetini, yakajadiliwa katika mikutano ya wazazi? Shule ikifelisha, matokeo yake hutangazwa nchini kote na mwalimu mkuu hutolewa jasho. Sijaona wodi ikitolewa jasho.

Dada yangu alipopata mimba ya pili, mwaka 2001, hakungoja ushauri wa mtu. Waliuza ng'ombe, akakodi chumba kimoja karibu na hospitali nyingine mwezi mzima kabla ya tarehe yake, na mama yetu akaenda kukaa naye. Mama alikuwa hajui Kiswahili vizuri, lakini alijua kuketi mlangoni na kumtazama kila apitaye kwa koti jeupe mpaka aulizwe shida yake. Daktari alipoamua kwamba atapasuliwa, mtoto alitoka katika muda usiofika saa moja, akalia hata tuliokuwa nje tukamsikia. Msichana huyo sasa ni mwalimu kama mimi.

Kaka yake huketi barazani. Hawezi kutembea wala kusema, ila husikia vizuri sana. Lori la majani chai linapopanda kilima jioni hulitambua kwa mlio wake kabla yetu sote, akatoa sauti ile moja aliyo nayo, naye dada yangu hutoka jikoni, akafuta mikono, akamgeuzia kiti upande wa njia ili alione likipita.